Hatamu Hupewa Aliyefundishwa

Hapa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, farasi ni mnyama wa nadra. Tumezoea zaidi kuona ng'ombe wenye pembe ndefu. Hata hivyo mji huu umekuwa na klabu ya wapanda farasi, na anayetaka kuujua ustadi huo hana budi kutafuta mwalimu mwema.

Sababu ni kwamba aliye juu ya tandiko hajioni. Hudhani ameketi wima, kumbe ameinama. Hudhani mkono wake umetulia, kumbe anaivuta hatamu, na lijamu inaumiza kinywa cha mnyama. Mwalimu hodari humzungusha farasi kwa kamba ndefu, naye mwanafunzi hupanda bila hatamu wala vikuku vya miguu, mpaka kiuno chake kizoee mwendo. Ndivyo waanzavyo wanafunzi wa chuo mashuhuri cha Vienna, chenye umri wa zaidi ya miaka 400. Hatamu hukabidhiwa baadaye.

Ndugu zetu askari wataona uzito wa jambo hili. Jirani zetu wa Tanzania wana kikosi cha polisi cha mbwa na farasi. Mbele ya umati, farasi aliyeshtushwa na mkono mkali aweza kumkanyaga mtoto asiye na hatia. Xenophon, askari wa Ugiriki ya kale, aliusia yapata miaka 2,400 iliyopita kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira.

Basi asiyekubali kusahihishwa asikabidhiwe hatamu. Na hata mkongwe wa kazi arudi kwa mwalimu mara kwa mara.