Kuvu ya Mkarafuu na Majina Yake Mengi

Mwanachama mwenzetu wa Pemba, ambaye shemeji yake anakaa Lyamkena, pale Makambako katika Mkoa wa Njombe, ametuletea barua. Shemeji amemwahidi miche ya mikaratusi, naye ataka kuipanda ukingoni mwa shamba lake la mikarafuu ili apate majengo na kizuizi cha upepo. Bwana Shamba amemkataza, akisema kuvu iuayo matawi ya mkarafuu yaweza kuushika na mkaratusi. Mwenzetu hakuridhika. Kitabu chake cha zamani chaitaja kuvu ya mkarafuu kwa jina la Cryptosporella eugeniae, na karatasi aliyopewa juu ya mikaratusi yataja Chrysoporthe. "Majina mawili, basi ni vitu viwili," ndivyo alivyotuandikia. Twaona wengi wetu wangesema vivyo hivyo, kwa hiyo yafaa tueleze.

Tuanze na mti wenyewe. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliuita mkarafuu Caryophyllus aromaticus. Neno la kwanza ni la ukoo, na la pili latofautisha mti huo na ndugu zake. Baadaye wengine waliutia katika ukoo wa Eugenia, na mwaka 1939 Merrill na Perry wakauweka katika ukoo wa Syzygium, ambamo mzambarau nao umo. Je, mkarafuu uligeuka? Hata kidogo. Kilichogeuka ni maarifa ya watu juu ya jamaa zake.

Kuvu nazo hupewa majina kwa kanuni hiyo hiyo, ila kazi yake ni ngumu zaidi. Mwenye shamba huona tawi lililokauka tu. Mtaalamu hulichuna ganda, akatazama kwa hadubini vifuko vidogo vilivyomo na mbegu zake, rangi yake, na kama mbegu ina chumba kimoja au viwili. Akiona ni kitu kipya, hutangaza jina pamoja na maelezo, na kipande kimoja kilichokaushwa huwekwa akiba ili atakayebisha aende akakitazame. Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalipasa kuwa kwa Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho chakubaliwa.

Hapa Unguja na Pemba kazi hiyo ilifanywa na Nutman na Roberts. Mwaka 1952 waliandika juu ya Cryptosporella eugeniae, ile ya matawi, ambayo huingilia penye jeraha, kama pale tawi lilipovunjwa wakati wa mchumo. Mwaka 1953 wakatangaza Valsa eugeniae, waliyoihusisha na ule ugonjwa wa mkarafuu kufa ghafla. Angalieni sana hapa: neno la pili ni moja, maana yake "ya Eugenia", lakini koo ni mbili na magonjwa ni mawili. Asomaye neno la pili peke yake atachanganya tawi la kukatwa na mti wa kung'olewa.

Sasa kumbe mwaka 1917, huko Kuba, Bruner alikuwa amekwisha kuipa kuvu ya mkaratusi jina la Diaporthe cubensis. Hakuna aliyeilinganisha na ya kwetu. Mwaka 1969 Reid na Booth waliihamisha ya kwetu katika ukoo wa Endothia; mwaka 1980 Hodges akaihamisha ile ya Kuba katika ukoo wa Cryphonectria. Mwaka 1986 Hodges na wenzake waliziweka pamoja, wakasema ni kuvu moja. Ikiwa hivyo, jina lililotangulia ndilo lishikalo, kama hati ya shamba iliyoandikwa kwanza, basi cubensis ikaishinda eugeniae. Mwaka 2004 wataalamu wa Afrika ya Kusini, Gryzenhout na Wingfield, walipima na chembe za urithi, wakaunda ukoo mpya: Chrysoporthe, yaani mharibifu wa rangi ya dhahabu. Mwaka 2010 ukoo huo ulipambanuliwa tena, zile za Asia zikapewa jina lao. Twakiri inachosha.

Kwa hiyo vitabu viwili vya mwenzetu havipingani. Hatusemi miche ya Lyamkena ni migonjwa, hatujaiona. Twasema mkarafuu, mzambarau, mpera na mkaratusi ni jamaa moja kubwa, na kiushikacho mmoja chaweza kumpata jirani.

Viazi mviringo vya Njombe navyo visiletwe kwa mbegu bila kukaguliwa. Mnyauko wa viazi waletwa na bakteria wa ukoo wa Ralstonia, na katika ukoo huo huo yumo Ralstonia syzygii, auaye mikarafuu ya Sumatra na Java. Huyo aliitwa Pseudomonas mwaka 1990, kisha akahamishwa. Hao wawili si mmoja, na bakteria wa viazi hajulikani kwa kuua mikarafuu, ila nyanya na bilingani zenu zitamjua.

Mwenye tawi la kutilia shaka amletee Bwana Shamba kipande chenye ganda bichi na ganda lililokufa pamoja, maana kuvu hutafutwa pale mpakani. Likikauka lote halimfai. Jeraha lililobaki mtini likatwe chini ya alama ya rangi ya kahawia, na lililokatwa lichomwe moto siku ile ile. Na shemeji wa Lyamkena, kama moyo wake ni mwema, atume mbao zilizopasuliwa, zisizo na ganda.