Maafa yakitokea, Serikali inawajibika kwa lipi?

Upepo ukiezua paa usiku na mtoto akaangukiwa na tofali, mzazi wa Masasi hukimbilia Hospitali ya Mkomaindo. Asubuhi huja maswali mengine: nani atalipia matibabu, na familia italala wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka wasimamizi kuanzia Ofisi ya Waziri Mkuu hadi kamati za mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa.

Kusini waliona tahadhari ikifanya kazi Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza ujio wa Kimbunga Kenneth, shule za Mtwara zikafungwa na wakazi wa maeneo hatarishi wakatakiwa kuhama. Kimbunga kilitua Msumbiji.

Lakini baada ya maafa, mkono wa Serikali haujawa na urefu uleule kila mahali. Maporomoko ya tope yalipoua watu zaidi ya 80 wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, Serikali iligharamia mazishi na matibabu ya majeruhi, kisha waliopoteza makazi wakajengewa nyumba.

Kagera ilikuwa tofauti. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, Rais John Magufuli aliwaambia waathirika kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Kipaumbele kilikuwa shule, vituo vya afya na miundombinu mingine ya umma.

Kwa hiyo mzazi asikae akisubiri nyumba kana kwamba ni ahadi. Ahakikishe kwanza familia yake imehesabiwa. Amuone mapema mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ataje idadi ya watoto, wagonjwa na mali iliyoharibika, na athibitishe kuwa jina lake limo kwenye tathmini.

Kiafya, hatari haiishi upepo ukitulia. Mafuriko huchafua visima na kujaza vyoo, kuhara kukafuata. Chemsha maji ya kunywa, na mtoto anayeharisha apewe ORS huku akipelekwa kituo cha afya. Kadi ya kliniki na dawa za kila siku zikae kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji, uliza: wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani, na usiku wa mvua kubwa watoto wetu watakimbilia jengo gani?