Sinema Kubwa Katika Vioo Vidogo vya Garsen

Watu wa Garsen na wa vijiji vya bonde la Mto Tana wamezitazama sinema kubwa za karne iliyopita mara nyingi, na bado hawajaziona. Sisemi hivi kwa kejeli. Ni wachache mno katika mji ule wasiojua jinsi Musa wa Cecil B. DeMille alivyoinua fimbo yake mbele ya bahari, au jinsi Hamza, kwa sura ya Anthony Quinn, alivyotokea juu ya farasi wake watu wakamtambua kuwa ni simba. Habari hizi zimeingia katika nyumba za Wakristo wakati wa Pasaka, katika nyumba za Waislamu mwezi wa Ramadhani, na katika vibanda vya video siku zile ambazo hakuna mpira wa Uingereza. Walakini kilichofika Garsen kilikuwa hadithi ya sinema, na sinema yenyewe, pamoja na upana wake, adhama yake na ukimya wake, aghalabu ilibaki njiani. Mombasa ilikuwa na majumba yake, Regal, Majestic na Naaz, yenye pazia la kutosha kumfanya mtu ajihisi mdogo. Mashamba yalipata magari ya sinema ya serikali, yenye projekta ndogo za filamu ya milimita 16. Kisha ikaja deki, jenereta, na televisheni moja iliyotazamwa na kibanda kizima.

Ili tujue kilichopotea, hatuna budi kujua kwanza kilichokuwapo. Filamu ya kawaida ya sinema ina upana wa milimita 35. Katika miaka ya 1950, televisheni ilipoanza kuwanyang'anya wenye majumba ya sinema wateja wao huko Marekani, mabwana wa Hollywood waliazimu kuwapa watu kitu ambacho sanduku la sebuleni lisingeweza kuwapa kamwe, wakatengeneza kamera za filamu ya milimita 65, ambayo kila picha yake ina eneo la zaidi ya mara tatu ya picha ya kawaida. Todd-AO ilitangulia mwaka 1955 kwa sinema ya Oklahoma!; ikafuata kamera ya MGM iliyopiga Ben-Hur ya mwaka 1959; kisha Super Panavision 70, ambayo kwayo David Lean alipiga Lawrence of Arabia ya mwaka 1962. DeMille alishika njia nyingine katika The Ten Commandments ya mwaka 1956, ile tuiitayo Amri Kumi: filamu yake ilikuwa ya milimita 35, lakini ilipitishwa kamerani kwa ubavu, hata kila picha ikachukua nafasi ya matundu 8 ya ukingoni mwa filamu badala ya 4.

Na sauti je? Nakala ya kuonyeshea ilitengenezwa kwa upana wa milimita 70, kwa sababu zile 5 zilizozidi zilihitajiwa na njia za sauti, ambazo zilikuwa sita, zimepakwa unga wa sumaku juu ya filamu ile ile: tano kwa spika zilizopangwa nyuma ya pazia kutoka kushoto hadi kulia, na ya sita kwa spika za ukumbini. Farasi akipita kutoka pembe hii hadi pembe ile, kwato zake zilipita naye, na mtu akiita kutoka mbali sauti ilitoka pale pale aliposimama. Nchi ambayo wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto ulitwaliwa mwaka 1963 ukawa sauti ya wimbo wa taifa lote haiwezi kuambiwa kwamba haina masikio ya kutambua tofauti hiyo.

Sasa tuangalie yaliyozipata sinema hizi zilipotiwa katika kaseti. Kaseti ya VHS haikuweza kubainisha zaidi ya mistari 240 hivi ya upana, na mistari hiyo ilififia kila kaseti iliponakiliwa kutoka kaseti nyingine, jambo ambalo katika pwani yetu lilikuwa ndiyo biashara yenyewe. Televisheni ya Kenya ilifuata mpango wa PAL, ambao huonyesha picha 25 kwa sekunde, ilhali sinema hupigwa picha 24. Kwa hiyo sinema ilikimbizwa kidogo ili ilingane na mashine, na Amri Kumi, yenye dakika 220, ikapungukiwa na dakika 9 hivi pasipo mtu kukata kipande hata kimoja, huku sauti ya Musa ikipanda kidogo kuliko alivyosema Charlton Heston. Zile njia sita za sauti zikamiminwa katika njia moja, nayo ikatokea kwenye spika moja ubavuni mwa televisheni, ikishindana na jenereta iliyokuwa ikinguruma nyuma ya kibanda.

Taksiri iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya umbo. Upana wa Ben-Hur ni mara 2.76 ya kimo chake. Upana wa kioo cha televisheni ya zamani ulikuwa mara 1.33 tu. Waliotengeneza kaseti, wakiogopa malalamiko ya wateja wasiopenda kuona michirizi myeusi juu na chini, walijaza kioo kwa kukata pembe za picha, na hesabu haina huruma: katika Ben-Hur zaidi ya nusu ya picha ilitupwa. Yale mashindano ya magari ya vita, ambamo kila gari huvutwa na farasi wanne waliofungwa sambamba, yalisifiwa Garsen kama kwingineko, lakini waliosifu walikuwa wakiona farasi wawili, mmoja na nusu, na mara nyingine gurudumu peke yake.

Kuna mahali katika Lawrence of Arabia ambapo hasara hii huonekana dhahiri kuliko popote. Watu wawili wako kisimani jangwani, mmoja anakunywa. Katika upeo wa macho, ndani ya mazigazi yanayotetemeka kwa joto, panatokea nukta nyeusi. Maneno ni machache mno, wala muziki haupigwi. Nukta inakua pole pole, inakuwa kijiti, kijiti kinakuwa mtu juu ya ngamia, na ngamia anakuja bila haraka mpaka mtu yule, ambaye ni Omar Sharif, anampiga risasi mnywaji, kwa kuwa kisima ni cha kabila lake. Mpiga picha Freddie Young alitumia kwa kazi hiyo lenzi ya milimita 482, iliyotengenezwa na Panavision ili kuyanasa mazigazi. Katika ukumbi wa milimita 70 hadhira huiona nukta ile mapema, huitilia shaka, huiogopa. Ichukueni sinema hiyo hiyo muitie katika VCD, diski iliyoenea mno pwani baada ya kaseti, ambayo picha yake ina mistari 288 tu kwenda chini. Ikiwa umbo halikukatwa, michirizi myeusi hula mistari zaidi ya 100, hubaki kama 174 kwa jangwa zima. Mtu wa mbali hapati hata mstari mmoja wa kukaa juu yake. Kwa hiyo mtazamaji wa Garsen hukaa akitazama mchanga mtupu kwa muda mrefu, hukasirika, huomba rimoti, na Omar Sharif hutokea ghafla kana kwamba ameota ardhini.

Nami naona jambo hili ni dhuluma hasa, maana sidhani kwamba kuna watu duniani wanaostahili kuielewa sehemu ile kuliko watu wa Mto Tana. Mfugaji wa Kiorma aliyekaa kwenye uwanda wa delta wakati wa kiangazi, akitazama vumbi la mbali ili ajue kama linaletwa na ng'ombe wake au na wageni, amekwisha kufunzwa kuitazama picha ya Freddie Young. Na ugomvi wa nani ana haki ya kunywa wapi, katika nchi ambayo malka za kushukia mtoni zimegombewa na wafugaji na wakulima kwa vizazi, hauhitaji mkalimani.

Tukitaja wakalimani, ni insafu kuwatendea haki wasimulizi. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, na wengi waliofuata nyayo zao, waliwafungulia sinema za kigeni watu ambao Kiingereza kilikuwa kimewafungia mlango, na kibanda kilichojaa vicheko kwa maneno yao si kitu cha kudharauliwa. Lakini msimulizi hana budi kusema, naye akisema sauti ya sinema hushushwa, na sinema kubwa hizi zilijengwa juu ya ukimya na muziki kuliko maneno.

Mfano ulio karibu nasi ni The Message ya Moustapha Akkad, ile ya Hamza, iliyotoka mwaka 1976 kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, ambayo wengi wa pwani huijua kwa jina lake la Kiarabu, Ar-Risala. Hiyo haikupigwa kwa filamu ya milimita 65, ila kwa filamu ya 35 na lenzi za Panavision zilizoibana picha pana ili ije kukunjuliwa na projekta. Lakini kwa ukubwa wa nia na wa uwanda ni dada wa zile nyingine, na muziki wake umetungwa na Maurice Jarre, mtunzi yule yule wa Lawrence of Arabia. Akkad alishika adabu ya kutomwonyesha Mtume wala kumsikizisha sauti yake: kamera husimama mahali pake, watu husema nayo uso kwa uso, na muziki laini wa kinanda ndio humjulisha mtazamaji kwamba Mtume yupo karibu. Sasa fikiri mtazamaji aliyeipokea sinema hiyo kwa spika moja, na sauti ya msimulizi juu yake. Kinanda hakisikiki. Alama iliyowekwa kwa heshima inafutika, na mtoto huuliza kwa nini watu wale wanasema na kamera. Kadhalika mwanzo wa sinema, ambapo wapanda farasi watatu huenda mbio jangwani wakipeleka barua kwa wafalme, kisha wakaachana kila mmoja na njia yake, hutaka upana wote wa picha; ukikata pembe, mjumbe mmoja huweza kupotea kabla hajatumwa.

Baada ya VCD zilikuja DVD, ambazo kwa asili zilikuwa na mistari 576 na sauti nzuri ya kutosha, lakini zile zilizouzwa vibandani kwa shilingi 50 zilikuwa zimesongwa sinema nyingi ndani ya diski moja, hata nyuso zikageuka vipande vya mraba kila mtu alipokimbia. Leo watu hunakili katika flashi, na mambo ni yale yale ila kwa kasi zaidi.

Wakati huo huo, mbali na Garsen, kazi ya kuzihuisha sinema hizi ilikuwa ikifanyika kwa subira kubwa. Lawrence of Arabia ilipozinduliwa mwaka 1962 ilikuwa na dakika 222. Muda si muda zikakatwa dakika kama 20, na baadaye nyingine tena. Robert A. Harris alivitafuta vipande vilivyotupwa, na pale ambapo sauti ilikuwa imepotea, Peter O'Toole na Alec Guinness waliitwa, umri ukiwa umesonga, kusema upya maneno yao ya zamani. Sinema ikaonyeshwa tena mwaka 1989 kwa idhini ya Lean mwenyewe. Kisha, kwa toleo la mwaka 2012, mafundi waliisoma filamu ya asili kwa mashine ya dijitali, wakakuta nyufa nyembamba za wima zilizoachwa na joto la jangwa katika utando wa filamu, wakazifuta moja moja. Toleo la diski ya 4K, yenye nukta 3,840 kwa 2,160, lilitoka mwaka 2020, na la Amri Kumi mwaka 2021. Ar-Risala nayo ilisafishwa, ikarudi katika majumba ya sinema ya Uarabuni mwaka 2018.

Nani atakayefaidi? Nasema yeyote mwenye televisheni ya kisasa, hata ya inchi 43. Katika Amri Kumi mpya, pale Wana wa Israeli wanapotoka Misri, makundi ya mbuzi, punda na ng'ombe ambayo katika kaseti yalikuwa uji wa rangi ya udongo sasa huhesabika mnyama kwa mnyama, na mtu wa Tana hatakosa kuuona ule uliokonda. Ni kweli kwamba uwazi una gharama yake: bahari inapopasuka, jicho kali huona viungo vya hila, na watu waliokwisha kuyaona mafuriko ya mto wao huenda wakatambua kwamba maji yale ni maji yaliyomwagwa katika birika, picha ikarudishwa kinyumenyume. Mimi naona hila ile hupendeza zaidi ikionekana.

Umeme wa gridi umefika, na laini kubwa ya volti 220,000 itokayo Rabai kwenda Lamu hupitia Garsen. Jenereta si udhuru tena. Yaliyobaki ni mambo madogo ya rimoti. Picha iachwe katika umbo lake; michirizi myeusi juu na chini haiibi kitu, bali ni alama kwamba hakuna kilichoibwa. Rangi zisiwekwe kali kama za dukani. Ule mtambo wa televisheni unaolainisha mwendo uzimwe, kwa maana huifanya sinema ya mwaka 1962 ionekane kama taarifa ya habari. Sinema ikianza na kiza na muziki kwa dakika nne hivi, kama Lawrence of Arabia ianzavyo, televisheni haikuharibika: hadhira inapewa wasaa wa kukaa.

Basi ninyi wenye vibanda vya Garsen, Minjila na Hola, ninawaomba jioni moja tu isiyo na mpira. Onyesheni Ar-Risala katika umbo lake kamili, bila msimulizi, dirisha limezibwa, spika mbili zikiwekwa mbele, moja kila upande wa kioo, na mtoze kiingilio kile kile.