Dua na baa: zoezi lililonipa sifuri

Mwaka wa kwanza nilipata sifuri kwenye zoezi la programu ambalo nilikuwa nimelipata, kisha nikaliharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Lilikuwa na alama 10 kati ya 40 za kazi za darasani, kwa hiyo mtihani wa mwisho niliingia roho juu. Wiki hii nimewakuta wadogo zetu maabara wanakuna vichwa kwa swali lilelile, ndiyo maana naandika.

Swali lenyewe: unapewa orodha ya maneno. Geuza kila herufi kuwa alama zake za Morse, yaani nukta na vistari, ziunganishe bila nafasi, halafu sema umepata misimbo tofauti mingapi. Mimi nilipewa dua, baa, taa, teta, saa, hata.

Programu yangu ikatoa 4. Nikaangalia orodha: maneno sita, hakuna lililojirudia. Nikajua nimechemka. Nikahangaika mpaka saa nane usiku, mwisho nikaibadilisha ihesabu maneno badala ya misimbo. Ikatoa 6. Nikatuma, nikalala fofofo.

Jibu lilikuwa 4. Chukua kalamu uone. D ni -.. na U ni ..- na A ni .- kwa hiyo dua ni:

-....-.-

Sasa baa. B ni -... halafu A mbili:

-....-.-

Yaleyale! Taa na teta zote zinatoa -.-.- lakini saa inatoa ....-.- na hata inatoa .....--.- (Mwenzangu wa chumbani alinicheka wiki nzima: eti kwa kompyuta dua na baa ni kitu kimoja.)

Kinachopotea ni mipaka ya herufi. Mtu anayepokea Morse kikweli hachanganyikiwi hivi, kwa sababu mtumaji huacha kimya cha urefu wa nukta tatu kati ya herufi, na nukta saba kati ya maneno. Swali limekifuta kimya hicho makusudi. Ukiweka mkwaju kati ya herufi, misimbo inarudi kuwa 6.

Kwenye kuhesabu, wengi wanaandika luupu ndani ya luupu, kila msimbo ulinganishwe na mwenzake. Kwa maneno 6 unalinganisha mara 15, hakuna shida. Kwa maneno 10,000 ni mara 49,995,000, utasubiri sana. Seti ya Python haiweki kitu kilekile mara mbili, basi iachie kazi:

misimbo = set()
for neno in maneno:
    msimbo = ""
    for herufi in neno.lower():
        msimbo += morse[herufi]
    misimbo.add(msimbo)
print(len(misimbo))

Hapo "morse" ni kamusi ya herufi na alama zake, unaiandika mwenyewe juu. Hiyo lower() usiiache. Ikija herufi kubwa ambayo haimo kwenye kamusi, programu inagoma palepale.

Kabla ya kutuma, jaribu na maneno mawili tu, dua na baa. Ikitoa 2, rudi kwenye mstari wa add: bila shaka umeingiza neno, siyo msimbo.