Kabla ya Kupigwa Picha ya Figo

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliandikiwa kupigwa picha ya figo na kibofu kwa ultrasaundi. Aliambiwa anywe bilauri nne za maji saa moja kabla ya kuingia, wala asiende msalani. Maji akayanywa. Lakini adhuhuri iliadhiniwa naye angali akingoja zamu yake. Akainuka kwenda kutawadha, na kama ilivyo ada ya mtu anayejitayarisha kwa sala, akaanza kwa kukidhi haja. Akarudi kibofu kitupu. Sisi tuliomsindikiza tukakaa naye saa nyingine nzima, akinywa maji upya na huku akituomba radhi.

Hatumcheki mzee wetu, kwani hapakuwa na mtu aliyemweleza maana ya yale maji. Mawimbi ya sauti hupita katika maji bila ya kizuizi, na hewa iliyomo matumboni ndiyo iyazuiayo. Kibofu kilichojaa huonekana sawasawa, na matumbo huyasukuma kando. Figo zenyewe zimekaa nyuma ya tumbo, karibu na mbavu za mwisho, kila moja urefu wake yapata sentimita 10 hadi 12, nazo huonekana hata kibofu kikiwa kitupu. Basi mtu akiambiwa asile, na aulize: niache chakula tu, au na maji pia? Na vidonge vyangu vya asubuhi je? Picha za figo ni za namna nyingi, na matayarisho ya hii siyo ya ile.

Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, lakini figo ni nyama laini, na eksirei tupu haizipambanui vizuri. Mwaka 1929, mjini Berlin, tabibu kijana wa Kimarekani, Moses Swick, alionyesha ya kuwa dawa yenye iodini ikitiwa mshipani huchujwa na figo, ikaing'arisha njia yote ya mkojo katika picha. Zamani mgonjwa alipewa na haluli usiku wa kuamkia kipimo ili matumbo yasizibe picha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na siti skani, lakini dawa ingali ya iodini. Ikipigwa, mgonjwa huhisi joto mwili mzima, na pengine hudhani amejikojolea. Hajajikojolea, wala asishtuke.

Hapa ndipo penye hatari. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo zile zile zinazochunguzwa, na zikiwa dhaifu sana huweza kuzidi kudhurika. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza kreatinini. Mwenye kisukari anayetumia metformini, figo zake zikiwa dhaifu, huambiwa aiache siku ya kipimo na saa 48 baada yake, mpaka damu ipimwe tena; kwani figo zikishindwa, metformini hulimbikana na damu ikazidi asidi. Asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Na vidonge vya maumivu tunavyovinunua ovyo dukani kwa ajili ya kiuno, kama ibuprofeni na diklofenaki, navyo yapasa vitajwe, maana huzidhoofisha figo.

Mzee wetu alirudi kwa siti skani. Akaulizwa kama ana kisukari, akajibu hana. Twaona alishikwa na haya mbele ya wauguzi vijana. Binti yake akasema taratibu, "Baba, niwie radhi, na vile vidonge vilivyomo mfukoni mwa kanzu?" Damu ikapimwa, na daktari akaiacha ile sindano, picha ikapigwa bila ya dawa, na jiwe la figo likaonekana vizuri, kwa kuwa mawe hayahitaji dawa ili yaonekane.

Mwanamke mwenye mimba, au anayeshuku tu, na aseme kabla ya eksirei au siti skani. Ultrasaundi haina miale hiyo. Anayepigwa picha ya MRI na avue kila kilicho cha chuma, hata hirizi iliyofungiwa katika bati, ambayo hukumu yake hatuiingii hapa. Na anayesafishwa damu kwa mashine asijinywee maji mengi. Kipimo chake ni kile alichopewa na daktari wake.

Yabaki suala la saumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua ya kuwa sindano ya matibabu isiyo ya lishe haifunguzi. Lakini bilauri nne za maji zafunguza bila ya shaka, na mgonjwa ana rukhsa yake katika Suratul Baqara, alipe siku nyingine. Kipimo kisicho cha haraka chaweza kuahirishwa. Mzee wetu alipoandikiwa ultrasaundi ya kufuatilia jiwe katikati ya Ramadhani, alimtuma binti yake akaombe siku nyingine, naye akapewa Jumanne ya baada ya Idi.