Chuku: Kutoka Pembe ya Kuumikia hadi Upasuaji wa Matundu Madogo

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maana ya chuku, hujibu mara moja kuwa ni tamathali ya usemi inayotia mambo chumvi. Ni nadra kuongeza kwamba chuku ni ala ya tiba. Makala hii inakusudia kuifafanua ala hiyo na kuonyesha faida ya msamiati wake leo.

Chuku, au ndumiko, ni pembe ya mnyama iliyotobolewa ncha. Katika mwambao wetu, Malindi na Ganda hadi Kilifi ukiwemo, kuumika ni tiba ya jadi. Fundi huchanja chale ndogo kwa wembe, huweka pembe juu yake, hufyonza hewa kupitia tundu la ncha, kisha huliziba kwa nta. Hewa ikipungua ndani, ngozi huvimba na damu hutoka. Ni rahisi kuona jinsi msemaji avimbishaye jambo alivyokuja kuambiwa kuwa anapiga chuku.

Tiba hii ina wenzake ng'ambo ya Bahari Hindi. Maandishi ya Kisanskriti ya Sushruta, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, yanataja pembe na kibuyu kuwa vifaa vya kutolea damu. Yanaorodhesha ala butu 101 na zenye makali 20. Koleo zake zilipewa majina ya vinywa vya wanyama na ndege, na mirija ilitumika kuchungulia matundu ya mwili.

Mwaka 1901, Mjerumani Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa kwa mrija. Mwaka 1985, Erich Mühe alimtoa mgonjwa mfuko wa nyongo kwa njia kama hiyo. Siku hizi tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kamera na koleo nyembamba zikapitishwa katika matundu yenye upana wa milimita 5 hadi 12.

Hata hivyo, kufanana si nasaba. Chuku huishia kwenye ngozi. Kamera huingia ndani ya mwili. Kudai kwamba moja imezaa nyingine ni kupiga chuku. Kinachounganisha ni lugha: chale, tundu, mrija, koleo. Kwa maneno hayo daktari anaweza kumweleza mgonjwa upasuaji wake, naye akaelewa kabla ya kuridhia. Tukiyahifadhi katika tamathali peke yake, tutamnyima mgonjwa haki hiyo.