Gunia lisilo na kilo

Mutu akiacha kuchora watu mwaka mmoja ao miwili, kitu cha kwanza kinachomtoroka si uso. Uso unabaki: macho, pua, mdomo, hata nywele anaweza kuzichora usiku bila taa. Kinachotoroka ni uzito. Watu wake wanasimama juu ya karatasi kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Miguu inagusa chini lakini haikanyagi.

Tuliliona jambo hilo Kashebere, kwenye njia ya Masisi na Walikale, katika ubao mmoja wa onyo. Fundi wa rangi, yule anayeandika majina ya maduka na kuchora vichwa kwenye kuta za saluni, aliombwa achore mchimbaji anayetoka shimoni na gunia mgongoni, mvua inanyesha na udongo unaporomoka nyuma yake. Maana ilikuwa wazi: mvua ikinyesha, usiingie. Rangi zilikuwa nzuri, kaske nzuri, tochi ya kichwa inawaka. Wachimbaji waliopita wakasimama, wakacheka. Mmoja akasema: “Uyu habebe kitu. Iyi gunia iko na pamba.” Mwenzake akaongeza: “Mutu mwenye iko na kilo makumi tano ku mugongo hawezi kusimama sawa mwenye anapigwa foto.”

Kucheka si kitu. Shida ni kwamba anayecheka mchoro hasikii onyo lake. Mwanaume aliyechorwa pale si mwenzao, ni mutu wa mahali pengine, basi na udongo unaomwangukia ni wa mahali pengine. Na kati ya wanaopita pale kuna wengi wasiosoma maandishi. Picha ndiyo barua yao.

Fundi hakukasirika. Alituambia kwamba alipokuwa kijana, Goma, walikuwa kundi la marafiki. Kila Jumamosi mmoja alipanda juu ya meza akasimama, wengine wakamchora, kisha zamu. Wenye kusoma akademia wanaita modeli hai. Halafu yakaja maisha: kukimbia, kurudi, watoto, kazi ya kuandika herufi ambayo ndiyo inaleta unga. “Kichwa kinajua,” alisema, “ni mukono njo ilisahau.”

Dawa si ngumu, ila inataka uvumilivu. Kila jioni nusu saa, mutu mbele ya macho. Si foto ya simu. Foto imekwisha kuamua kila kitu na imeulaza mwili juu ya kioo. Mutu aliye mbele yako anapumua, anahamisha mguu, na jicho linalazimika kuchagua haraka. Nusu saa ya kila siku inazidi Jumapili nzima mara moja kwa mwezi, sawa vile mpira: miguu ya mchezaji asiyefanya mazoezi inajulikana dakika ya kumi.

Tulikaa naye jioni tatu kando ya njia. Vifaa vyake: kaye ya shule, karatasi za mifuko ya sima, kreyo moja, na vipande vyepesi vya makaa ya jikoni. Anaanza na michoro ya sekunde 30. Hapa hakuna macho wala vidole. Anavuta mstari mmoja kutoka kichwani hadi kisigino cha mguu unaobeba, kisha mstari wa mabega, kisha mstari wa nyonga, basi. Kumi na tano za namna hiyo, nyingi mbaya, ukurasa umejaa. Zinafuata za dakika mbili, na mwisho moja ya dakika kumi. Anayeanza na ile ya dakika kumi anaharibu muda kwenye vifungo vya shati.

Mutu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huo linashuka. Kale kashimo kalicho chini ya koo kanakuja juu ya kifundo cha mguu uleule. Ukitaka kuhakikisha, funga jiwe kwenye uzi, kama masoni anayepima ukuta, uuninginize mbele ya jicho. Kwa urefu, nyoosha mkono na upime kichwa juu ya kreyo: mtu mzima ana vichwa 7 na nusu hivi, mtoto wa mwaka mmoja 4 tu. (Ndiyo sababu watoto wa mabango mengi wanafanana na wazee wafupi.)

Lakini njia hii watu wachache wanasimama mikono mitupu. Mama anayebeba kitunga kwa mukanda wa kwenye paji la uso anainama mbele, kwa sababu mzigo ulio nyuma unataka kumvuta chini. Shingo inasukuma mukanda, mishipa inaonekana, mikono inapanda kushika kamba karibu na masikio. Magoti hayanyooki kabisa na hatua ni fupi. Mchimbaji mwenye gunia la muchanga ni hivyohivyo, tena akiteremka mlima vidole vyake vinatafuta udongo kabla ya kisigino. Mambo hayo hayakai kichwani kwa kukumbuka tu. Jioni ya tatu tuliwaonyesha vijana waliokuwa wakipumzika ukurasa mmoja wa makaa, hauna uso hata mmoja. Hawakucheka. Walianza kubishana: huyu kilo thelathini, hapana, hamsini, angalia goti.

Fundi wetu si wa kwanza kurudi shuleni kwa sababu ya wachimbaji. Vincent van Gogh, kabla ya kuwa mchoraji, alikuwa mhubiri kati ya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji, tangu mwisho wa 1878. Alipoamua kuchora, mwaka 1880, alikuwa na miaka 27, na mojawapo ya michoro yake ya 1881 inaonyesha wanawake waliopinda chini ya magunia ya makaa. Mwaka uliofuata alilirudia jambo hilohilo. Na mwaka 1886, akiwa tayari amekwisha kupaka Wala Viazi, aliingia akademia ya Antwerp kuchora modeli pamoja na wanafunzi.

Mwingine ni Henry Moore, mchongaji wa Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa huko Castleford. Wakati wa vita, kipindi cha baridi cha 1941 na 1942, Moore alitumwa kuchora wachimbaji katika mgodi wa Wheldale, palepale Castleford. Alikuwa tayari na jina, lakini kazi yake ya kawaida ilikuwa miili ya wanawake waliotulia. Mule chini alikuta giza, vumbi, na wanaume wanaojikunja kwenye nafasi ndogo. Ilibidi ajifunze upya mwili wa mwanaume anayetumika.

Kuna atakayesema: wachoraji wetu wakubwa hawakuhitaji modeli. Ni kweli kwa sehemu. Lubumbashi, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua kiwanda chake cha wachoraji na hakutaka wanafunzi wafuate namna ya Ulaya. Pilipili Mulongoy alitoa samaki na ndege wake kutoka kichwani, Bela alipaka kwa vidole, na tablo zao bado zinatafutwa. Tshibumba Kanda Matulu naye, miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya nchi karibu tablo mia moja, ndani yake wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwaka 1941. Hatuwapunguzii kitu. Ila ubao wa onyo una kazi nyingine: unatazamwa sekunde tatu na mutu mwenye haraka, na mutu huyo anaujua mzigo kuliko mchoraji. Goti likiwa la uongo, amekwenda.

Kwa anayetaka kuanza ao kurudi, neno moja la usalama. Usiende kukaa na kaye juu ya mlima wa machimbo. Mwenye kuandika na kutazama anadhaniwa mpelelezi haraka, na karatasi haijui kujitetea. Chora sokoni, kanisani, kiwanjani, nyumbani wakati wa kutwanga sombe. Omba ruhusa kwanza, mwonyeshe mwenye mwili ulichofanya, akikataa pasua mbele yake. Na anayesimama muda mrefu apewe kitu, hata kikombe cha chai, maana kusimama bila kusogea dakika kumi ni kazi, ijaribu mwenyewe.

Fundi amepata sasa wenzake wanne, wawili wao wanafunzi wa sekondari, na Jumamosi wanakutana nyuma ya saluni. Ubao ameupaka nyeupe, unangoja. Wiki hii zamu ya kusimama ni ya kijana anayesukuma chukudu. Amekubali dakika kumi, zisizidi, na chukudu yake ichorwe pia.